Gari langu la kispoti kwa kituo cha yatima: nitoe gari lenyewe, au niliuze nitoe fedha?

Baba Mapasa, Lubumbashi

Ndugu zangu, ninawasalimu nyote. Nina jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mwanzo wa mwaka, na kwa kuwa humu wamo mafundi, wanasheria na watu wanaohudumia watoto, nimeona heri nilitandaze mbele yenu kabla sijachukua hatua nitakayoijutia.

Nina gari la kispoti, Toyota Celica ya mwaka 2003, milango miwili, rangi ya fedha, gia tano za mkono, volani ya kulia. Nililiagiza kutoka Japani mwaka 2012. Lilishushwa bandarini Dar es Salaam, likavuka Zambia na kuingia Kongo kwenye mpaka wa Kasumbalesa, ambako nililipa ushuru wote na kupewa hati zake, nami nimezihifadhi mpaka leo. Sasa nina umri wa miaka 61, goti langu la kushoto halikubali tena kukanyaga klachi, na kuinuka kutoka katika kiti kilicho karibu hivyo na ardhi kumekuwa kazi ya kushika mlango kwa mikono miwili. Gari limeegeshwa miezi 14. Kila Jumapili ninaliwasha kwa dakika kumi na tano ndani ya ua, kisha ninalizima na kulifunika turubai.

Mama yangu mzazi, ambaye ametangulia mbele ya haki, alifiwa na wazazi wote wawili akiwa na miaka sita, akalelewa na masista. Alikuwa akituambia kwamba sahani ya kwanza aliyoimaliza bila kuogopa kunyang'anywa aliilia huko. Ndiyo maana ninataka gari hili liende kwa kituo cha watoto yatima hapa mjini, kwa ajili yake.

Wapwa zangu wanasema sadaka hutolewa kama ilivyo, gari liende likiwa gari. Mke wangu anasema watoto hawali gari, na kwamba niliuze nipeleke fedha. Komisionera mmoja, yaani dalali, ameniahidi dola 3,500, ingawa hajanionyesha mnunuzi. Ninyi mngefanyaje? Na ikiwa nitalitoa, hati zifanyweje ili siku moja nisiitwe kwa ajali ambayo siijui?

Fundi wa Kamalondo

Mzee wangu, jambo sana, na Mungu ampumzishe mama yako. Nimefanya kazi ya garaji miaka 22, na Celica za namna hiyo zimepita mikononi mwangu, kwa hiyo nitasema juu ya gari, mengine nitawaachia wenyewe.

Kwa gia tano, injini yako bila shaka ni 1ZZ-FE ya lita 1.8, kwa sababu ile yenye nguvu zaidi, 2ZZ-GE, iliunganishwa na gia sita. Hiyo ni habari njema. 1ZZ ni injini ile ile iliyowekwa katika Corolla, Premio, Allion na RAV4 za miaka hiyo, kwa hiyo piesi zake, yaani vipuri, hazitafutwi kwa tochi, na haina mkanda wa kukatika, ina mnyororo. Injini za kwanza za aina hiyo zilikuwa na kasoro inayojulikana: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa machache, ringi zikawa zinaganda kwa masizi, na gari likala oili kama mtoto anyonyavyo ziwa. Toyota ilirekebisha pistoni hizo kufikia mwaka 2002. Gari lako limetengenezwa baada ya hapo, lakini miezi 14 ya kukaa nayo ina maneno yake, na hizo dakika kumi na tano za Jumapili hazitoshi kupasha oili moto mpaka unyevu utoke.

Shida haiko kwenye injini, iko kwenye mwili. Taa ya mbele ikivunjika, bampa likipasuka, kioo cha ule mlango mrefu kikianguka, hapo Corolla haitakusaidia: ni lazima kuagiza mbali na kungoja. Tumbo la gari liko chini, na kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua inapochimba barabara za mitaa yetu, dereva wa Celica anaendesha kama mtu anayebeba mayai. Kisha kuna hiyo volani ya kulia. Sisi tunapita upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo mwenye kukaa kulia, akitaka kulipita lori kwenye njia ya Likasi, inabidi kwanza atoe nusu ya gari nje ndipo aone kinachokuja. Wewe umezoea. Je, dereva wa kituo amezoea, tena akiwa na watoto nyuma?

Kuna njia moja ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni kulitoa kwa shule ya ufundi. Wasalesiano wako Katanga tangu 1911, na vijana wengi wa mji huu wamejifunza kushika spana kwao. Kijana anayejifunza ufundi anahitaji injini ya kweli ya kufungua na kufunga, si picha ubaoni. Lakini nitasema wazi: kwa kazi hiyo hata gari lililogongwa linatosha. Kulifungua vipande vipande gari zima lenye mnunuzi, wakati mtoto amefukuzwa shuleni kwa kukosa ada, mimi roho yangu isingekubali.

Kijana wa Bel-Air

Ninawaheshimu wakubwa, lakini ninasimama upande wa wapwa. Ukiliuza kwanza ndipo upeleke fedha, ni kama unawaambia wale masista kwamba hawawezi kuamua lililo jema kwao. Wape gari pamoja na funguo, waseme wenyewe kama wataliendesha au wataliuza. Pia mtu akitoa fedha taslimu, nani atajua ziliishia wapi? Gari linaonekana.

Mama wa Ruashi

Baba Mapasa, pole kwa mama, na asante kwa kuuliza kabla ya kutoa. Mimi ni mweka hazina wa kituo cha watoto 43. Sitakitaja jina, kwa sababu nitakayosema yanamhusu pia mtu aliyetutendea kwa moyo mweupe.

Mwaka 2017 tulipewa gari la milango miwili, si Celica, lakini la jamii hiyo. Siku ya kukabidhiwa tuliimba, tukacheza, watoto wakapigwa picha juu ya boneti. Kesho yake asubuhi lilishindwa kutoka langoni. Mbele ya lango letu kuna mfereji wa maji uliofunikwa kwa saruji, nayo imeinuka kidogo kuliko barabara. Lori la unga linapita bila kuhisi lolote, lakini gari lile lilikwangua tumbo kwa mlio uliowatoa watoto darasani. Tangu siku hiyo tulikuwa na mbao mbili zimeegemezwa ukutani. Kila gari lilipotoka, wavulana wawili walikimbia kuzitandika mbele ya matairi, na liliporudi wakazitandika tena.

Mwezi wa tatu mtoto mmoja wa miaka tisa alivunjika mguu. Tulimpeleka hospitalini kwa gari hilo, akafungwa plasta kuanzia nyonga hadi kifundo. Wakati wa kurudi tulikunja kiti cha mbele ili aingie nyuma, na mguu haukupita. Tukajaribu kumlaza, kichwa kikagonga kioo. Mwishowe tulimrudisha kwa taksi ya kukodi, na gari letu la sadaka likafuata nyuma tupu, nami nikiwa nimeketi ndani yake na kadi ya hospitali mkononi.

Sasa daftari. Katika miezi mitano, esanse (petroli), matairi mawili, amotisere (shokamzoba) za mbele na bima vilikula fedha ambazo zingetununulia magunia 31 ya unga wa bukari (ugali), yale ya kilo 25. Sisi tunamaliza gunia moja kwa siku mbili. Hesabu ni rahisi: gari lilikula chakula cha watoto 43 cha miezi miwili, na katika muda huo kazi yake kubwa ilikuwa kwenda sokoni na kurudi na kile ambacho mkokoteni ungeleta.

Kijana wangu wa Bel-Air, utauliza kwa nini hatukuliuza. Mfadhili alikuwa ameandikisha jina la familia yake mlangoni kwa rangi, na alipopita mjini alikuja kuliangalia. Ungemwambia nini? Likakaa chini ya mwembe mwaka mzima. Betri ikaibwa, watoto wakaligeuza nyumba ya kuchezea, na tulipopata ujasiri wa kuliuza, mnunuzi alikuja akiwa anajua kwamba tuna njaa na kwamba hatujui bei. Alitoa alichotaka. Hapo ndipo ninapotofautiana na wewe: kutuachia sisi tuuze ni kutupatia kazi tusiyoiweza. Mwenye gari ndiye anayelijua, anajua kilichobadilishwa na lini, ana risiti, na hana haraka. Yeye akiliuza, bei ni moja; sisi tukiliuza, ni nyingine, na tofauti hiyo inatoka kwenye sahani za watoto.

Kuhusu fedha kutoonekana, una haki ya kuwa na wasiwasi, na dawa yake ipo. Mwambie kiongozi wa kituo akuonyeshe daftari kabla hujatoa hata faranga moja. Kituo kinachokasirika kwa ombi hilo, kiache.

Ndugu aliye Dallas

Ninaandika kutoka Marekani, ambako nimeishi miaka 13, ingawa nilizaliwa Katuba. Huku kutoa gari lililotumika ni jambo la kawaida kabisa, hata vituo vya redio na televisheni vya umma vinayapokea, na pengine taarifa za huku ndizo zinazowafanya ndugu zetu wadhani kwamba gari lililotolewa huenda kubeba maskini. Mara nyingi sivyo. Unapiga simu, lori la kukokota linakuja bure, gari linapelekwa mnadani, na shirika la hisani hupokea kinachobaki baada ya gharama za kukokota, za mnada na za kampuni iliyosimamia.

Watu wengi hutoa kwa sababu ya kodi, na hapo palikuwa na udanganyifu mwingi: mtu alitoa gari bovu, akajiandikia bei ya gari zima ili apunguziwe kodi. Bunge lao likabadilisha sheria mwaka 2004, ikaanza kutumika 2005. Tangu hapo, ukidai zaidi ya dola 500 na shirika likaliuza gari, kwa kawaida unaruhusiwa kudai kile tu ambacho gari liliuzwa kweli, na shirika linakupa fomu namba 1098-C inayoonyesha kiasi hicho. Thamani kamili ya soko inakubaliwa ikiwa shirika lenyewe linalitumia gari kwa kazi yake kwa namna ya kweli, au linalitengeneza kwa kiasi kikubwa, au linampa mtu mwenye shida au kumuuzia kwa bei ya chini sana.

Simwambii Baba Mapasa afuate sheria za Marekani, kwa kuwa hazimhusu. Ninachotaka aone ni kwamba hata huku, penye barabara nzuri na piesi kila kona, gari linalotolewa huishia kuuzwa, na sheria imelazimika kuuliza swali lile lile la mama wa Ruashi: je, gari lenyewe litafanya kazi gani hapo? Yeye yuko mahali pazuri kuliko watoaji wa huku, kwa sababu kati yake na watoto hakuna mnada wala kampuni. Kuna komisionera tu, na huyo Baba Mapasa anaweza kumruka.

Mwanasheria wa Kampemba

Baba Mapasa, nitajibu swali lako la mwisho, ambalo wengi hulisahau mpaka polisi wagonge mlango.

Iwe unauza au unatoa, jambo la kwanza ni kwamba jina lako litoke kwenye carte rose, yaani kadi ya usajili wa gari. Funguo si kitu. Gari likiwa mikononi mwa mwingine huku karatasi zikiwa zinakutaja wewe, likimgonga mtu, wewe ndiye utakayetafutwa kwanza, na itakubidi uthibitishe kwamba halikuwa tena chini ya ulinzi wako. Andikeni hati ya mauzo au ya zawadi, yenye namba ya fremu, namba ya plaki, tarehe na saa ya kukabidhiana, isainiwe na pande mbili mbele ya noteri, na nakala moja ibaki kwako. Saa naiweka makusudi, kwa sababu nimeona ugomvi wa ajali iliyotokea jioni ya siku ile ile ya mauzo. Bima ya dhima kwa wengine ni ya lazima nchini kwetu tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973, na tangu sheria ya bima ya mwaka 2015 ilipoondoa ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, mnunuzi anaweza kuchagua kampuni. Asitoke uani kwako bila bima yake mwenyewe.

La pili ni mke wako. Ikiwa mlifunga ndoa bila kuchagua utaratibu mwingine wa mali, Kanuni ya Familia inawaweka chini ya ushirika wa vile mlivyochuma pamoja, na gari lililonunuliwa mkiwa mmeoana limo humo. Kwa hiyo yeye naye asaini, tena kwa kalamu yake, si kwa kutikisa kichwa jikoni. Nimefurahi kusoma kwamba ana maoni, maana zawadi iliyotolewa na mmoja kwa siri ndiyo inayorudi mahakamani.

La tatu ni kituo chenyewe. Mashirika yasiyo ya faida yanatawaliwa na sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Shirika lililopata utu wa kisheria kutoka kwa Waziri wa Sheria linaweza kumiliki mali na kufungua akaunti benki kwa jina lake. Vipo vituo vyenye moyo wa dhahabu ambavyo havijafika hapo, na chochote unachovipa kinaandikwa kwa jina la mwanzilishi. Akifariki, watoto wake wa kuzaa wanaweza kukidai kuwa urithi, na yatima wakabaki wanatazama. Omba kuona nakala ya hati hiyo ya waziri. Kama haipo, usiwaache kwa sababu hiyo, lakini badala ya kutoa mali, lipa kitu moja kwa moja: ada shuleni, unga dukani, dawa.

Na fedha za mauzo, usizipitishe mfukoni mwa mtu yeyote, hata mwako kama inawezekana. Mnunuzi aziingize benki kwenye akaunti ya shirika, mwakilishi wao akiwepo, na wao wakupe risiti yenye muhuri.

Kijana wa Bel-Air

Mama wa Ruashi, nimekusoma mara mbili, na ninaliondoa neno langu kuhusu kuwaachia kazi ya kuuza. Sikuwa nimefikiria bei ya mwenye haraka. Baba Mapasa, vijana wanaopenda Celica wapo mjini, hasa yenye gia za mkono. Lipigwe picha likiwa limeoshwa, na tumbo lake lionekane pia ili mtu asije na mashaka, kisha nitaziweka katika kundi letu la wapenda magari, bila komisheni. Uza kabla ya mvua ya Novemba. Mtu akiona maji barabarani hanunui gari la chini.

Baba Mapasa, Lubumbashi

Nimekawia kujibu kwa sababu nilitaka kwanza kufanya mlilonishauri.

Jumamosi nilikwenda na mke wangu katika kituo kimoja upande wa Katuba. Hatukusema lolote juu ya gari. Niliomba kuona daftari, nikidhani sista atakunja uso. Aliingia ndani akarudi na madaftari manne ya shule yaliyofungwa kwa kamba ya viatu, akatuwekea mezani, akaendelea kuchambua maharagwe. Mke wangu ndiye aliyesoma. Kila ukurasa una safu ya kilichoingia na ya kilichotoka, na mahali pengi safu ya kulia ina alama ndogo ya msalaba. Aliuliza maana yake. Sista akasema ni siku ambazo wakubwa walikubali kula mara moja ili wadogo wale mara mbili. Mke wangu alihesabu misalaba ya mwaka huu, akafunga daftari, na hatukuzungumza mpaka tulipofika nyumbani.

Hati ya waziri wanayo, imetundikwa ukutani chini ya picha ya Bikira Maria, na akaunti ya benki wanayo. Nilipouliza wanasafiri kwa chombo gani, sista alisema kwamba gari hawalihitaji. Kinachowaumiza ni kisima: pampu ilikufa mwezi wa sita, na wasichana wanateka maji kwa jirani, mitungi kichwani, kabla ya kwenda shule. Fundi wa pampu amewapa bei, na iko chini ya nusu ya zile dola 3,500.

Kwa hiyo ninaliuza mwenyewe. Wapwa zangu walinuna kidogo, nikawachukua Jumapili mpaka kwenye hicho kisima, nao wakavuta kamba na ndoo pamoja na wasichana, hawajanung'unika tena. Mwanasheria, hati itasainiwa na sisi wawili, na saa itaandikwa. Kijana wa Bel-Air, picha utazipata, tumbo na yote. Komisionera nimemshukuru, nikamwambia basi. Fundi, ninaomba uliangalie gari kabla ya mtu yeyote kuja, na kama lina ugonjwa nitamwambia mnunuzi, kwani sitaki fedha ya pampu itokane na uongo.

Fundi wa Kamalondo

Mzee, nitakuja Jumanne saa moja asubuhi. Jumapili hii usiliwashe, na Jumanne usiliguse mpaka nifike, injini iwe baridi kabisa. Nitapima oili kwanza kwa kijiti, kisha wewe utawasha nami nitakuwa nimesimama nyuma kwenye bomba la moshi. Moshi mweupe mwepesi ukipotea baada ya dakika chache, huo ni unyevu tu. Ukiwa wa buluu na ukaendelea, ni ringi, na hapo tutakaa chini tuhesabu pamoja kama kutengeneza kutaongeza bei au kutaimeza. Ukaguzi sitatoza, na kama kuna oili na filta ya kubadilisha, utanunua vifaa tu.

Mama wa Ruashi

Baba Mapasa, mwambie sista asikubali pampu ile ile iliyokufa. Kwanza fundi ashushe kamba apime kina cha maji sasa, mwisho wa kiangazi, wakati yako chini kabisa, ndipo wachague pampu. Sisi tulipima mwezi wa pili visima vikiwa vimejaa, na pampu yetu ilivuta hewa kuanzia Septemba.